Sifuri na Mstari

Mjukuu wangu,

Jana asubuhi ulinikuta nimechuchumaa nyuma ya banda la mbuzi, namimina maji ya kipimamvua kwenye glasi yake, ukaangua kicheko. "Babu, bado tu?" Nikakuitikia marahaba, ingawa shikamoo yenyewe uliisahau humo kwenye kicheko. Sikukasirika. Mtu aliyepata nafasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena ya kusomea sayansi za bahari, ana haki ya kumcheka mzee anayepima mvua ya shamba la mahindi kwa glasi. Ila ulipoongeza kwamba siku hizi setilaiti zinaona kila kitu, na kwamba hata hivyo Hanga na bahari wapi na wapi, nikaona nikunyamazie kwanza. Mambo marefu hayasemwi mtu akiwa amechuchumaa. Sasa nimekaa, kalamu ninayo, na wewe unasafiri wiki ijayo. Isome kabla hujapanda basi.

Tuanze na hiyo Hanga na bahari. Mvua yetu ni moja kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili. Watu wa Tanga na Dar es Salaam wana vuli ya kujaribia na masika ya kusahihisha. Sisi tukikosea kupanda, tumekosea mwaka mzima. Umeona mwenyewe inavyokuwa: mvua mbili za mwanzo zinashuka, watu wanakimbilia mbegu, halafu jua linarudi wiki tatu, na mfuko wa mbegu ulikuwa ule ule mmoja. Maji ya mvua hiyo, mengi yake, jua limeyanyanyua kutoka Bahari ya Hindi na pepo zikayasukuma mpaka huku. Kimbunga kikiingia mlango wa bahari wa Msumbiji, upepo wa nchi nzima unageuka: huku kunanyesha kupita kiasi, kule mawingu yananyonywa pakabaki pakavu. Mkulima wa Hanga anasimama shambani anatazama anga jeupe, hajui kwamba mvua yake imeitwa mahali pengine, mamia ya kilomita kutoka hapa. Na sisi tunairudishia bahari maji yake. Ruvuma inazaliwa milima ya Matogoro, hapo juu ya mji wa Songea, inakwenda zake mpaka inamwagika baharini kusini ya Mtwara. Kwa hiyo huendi ugenini. Unafuata maji ya kwenu.

Babu yako mkuu, baba yangu, aliijua bahari kwa njia mbaya zaidi. Alikuwa manamba wa mkonge Lindi, kama vijana wengi wa Songea wa zama zake. Aprili 1952 kimbunga kikaipiga Lindi. Mzee hakuwa msemaji, lakini hilo alilisimulia mara nyingi, na kila mara alianza na jambo lile lile: kwamba asubuhi ya siku ile waliitwa kazini kama kawaida. Kengele ililia, wakapanga mstari, wakahesabiwa, wakapewa mapanga. Hakuna aliyewaambia neno. Mabati yalipoanza kuruka ndipo walipojua kwamba kuna kitu. Nilikuwa mtoto mdogo, na kilichonikaa kichwani si mabati. Ni ile kengele.

Sasa tazama Aprili 2019. Kimbunga Kenneth kilikuwa bado kiko upande wa Komoro, watu wa Mtwara wakaambiwa shule zifungwe, ofisi zifungwe, walio mabondeni wahame. Tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikakivuruga kisiwa cha Ibo, Mtwara ikapona. Unajua watu walisema nini? Walisema wametishwa bure. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye basi la Tunduru, kijana wa umri wako akisema hawa wa hali ya hewa wanatafuta posho. Nikamwuliza angependa kitue wapi ili aridhike. Hakunijibu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja kweli upande wa Mafia, mvua yake ikakata barabara ya kwenda kusini, na safari hii mabati hayakutangulia habari. Tofauti ya 1952 na miaka hii ni idadi ya macho yaliyokuwa yakitazama bahari kabla haijafika mlangoni kwa mtu. Macho hayo ndiyo ninayotaka kukueleza, maana huko uendako watakufundisha hesabu nzuri sana, na hesabu ina tabia ya kumsahaulisha mtu kwamba mwanzo wake ni mtu mmoja aliyetazama kitu.

Mimi bahari niliiona kwa mara ya kwanza Mtwara, nimeshaajiriwa, wakati idara ya hali ya hewa ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi. Nikishakula, saa nane mchana, nilikuwa natembea mpaka ufukweni kutazama hayo maji. Kila siku, saa nane hiyo hiyo. Nikawa nimeanza kuandika kwenye kidaftari, maana hata kabla ya kufundishwa nilikuwa mtu wa vidaftari. Siku ya kwanza maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Siku ya pili yamepungua kidogo. Siku ya tatu kidogo tena. Baada ya wiki moja yalikuwa mbali, kina mama wanaokota chaza. Halafu yakaanza kurudi taratibu, na baada ya wiki mbili na siku yakawa tena kwenye mizizi. Nikaandika kwa fahari: bahari hujaa kwa wiki moja na kukauka kwa wiki moja.

Nikamwonyesha mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akiziba ngalawa yake kwa pamba na sifa. Alicheka mpaka akaweka chini patasi. Akaniambia, bwana mdogo, maji hapa yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili usiku na mchana, tena kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Wewe unakuja saa ile ile kama mlevi na kilabu chake, bahari inakuonyesha upande wake mmoja tu, na wewe unauandika kama bahari nzima. Kisha akanifundisha bamvua na maji mafu, akanifundisha matlai na kusi, na kwamba mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndipo maji yanapokuwa makuu. Kila nilichoandika kwenye kidaftari kilikuwa kweli. Sikusema uongo hata siku moja. Na bado jumla yake ilikuwa uongo mtupu, kwa sababu ya saa nilizochagua kutazama.

Hilo ndilo wanaloita mkakati wa uangazi, kwa majina yao makubwa. Utaketi kwenye kozi nzima juu yake. Utafundishwa kwamba wimbi linalozunguka upesi likitazamwa kwa nadra hujifanya wimbi la polepole ambalo halipo. Ukifika hapo, mkumbuke yule mzee na pamba yake.

La pili ni aibu yangu, na kwa kuwa bibi yako analijua, heri ulisikie kwangu. Nilikuwa kituo kingine cha pwani, sitakitaja, zamu ya usiku. Kazi ilikuwa kusoma vipimo saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili: joto, unyevu, upepo, mawingu, mgandamizo wa hewa, unaandika kitabuni, unapeleka kwa redio. Nilisoma saa sita. Nikajilaza kidogo. Nilipoamka jogoo walikuwa wamemaliza kazi yao na saa kumi na mbili imefika. Barometa ilikuwa inasoma karibu sawa na usiku wa manane. Nikafanya kile ambacho kijana mwenye akili nyingi na haya kidogo angefanya: nikachukua namba ya saa sita, nikachukua ya saa kumi na mbili, nikaweka ya katikati kwenye nafasi ya saa tisa. Safi kabisa. Hata ungekuwa wewe usingeona mshono.

Mkuu wa kituo alikuja saa mbili, akafungua kitabu, akakitazama kwa muda ambao ungetosha kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana, usiku wa jana hewa ilisahau kupumua?"

Sikuelewa. Akanichukua mpaka kwenye barografu, ile mashine yenye pipa linalozunguka polepole na kalamu inayochora mstari wa wiki nzima. Akanionyesha. Katika ukanda wetu hewa hupumua mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari. Mgandamizo hupanda mpaka saa nne asubuhi, ukashuka mpaka saa kumi jioni. Ukapanda tena mpaka saa nne usiku, ukashuka mpaka saa kumi alfajiri. Kila siku, Jumapili na sikukuu. Mstari wa wino ulikuwa na mabonde yake yote, pamoja na la usiku ule. Namba yangu ya saa tisa ilikuwa imekaa juu ya bonde kama daraja lisilo na mto. Hakunifukuza. Aliniambia maneno ambayo sijayaacha mpaka leo, na ndiyo sababu unaniona na daftari langu la mvua: ukitazama ukakuta hakuna kitu, andika sifuri, usipotazama, piga mstari. Hivyo ni vitu viwili, na anayevichanganya ni mwizi kuliko anayeiba mafuta ya jenereta.

Nilidhani ni ukali wa wazee. Baadaye ndipo nilipoelewa inavyokuwa ndani ya kompyuta. Fikiria lori limetoka Songea usiku kwenda Tunduru na wewe utingo umelala juu ya mzigo. Ukiamka gizani unakadiria: tumetembea saa tatu, mwendo ni huu, basi tutakuwa mahali fulani. Ukiona taa za mji unaojua, unarekebisha makadirio yako, unaendelea kukadiria kutoka hapo. Modeli ya bahari haifanyi zaidi ya hayo. Inakadiria hali ya maji ya kesho kutokana na ya leo, kisha ikipata kipimo cha kweli inasogezwa kidogo kuelekea ukweli, halafu inaendelea. Mstari katika daftari unaiambia: hapa ni giza, endelea na makadirio yako. Lakini namba ya kutunga ni mtu anayewasha taa mahali ambapo hakuna mji. Lori zima linasimama, abiria wanashuka.

Sasa nirudi kwenye setilaiti zako zinazoona kila kitu. Mwaka 1982 mlima wa El Chichón kule Meksiko ulilipuka, majivu na moshi wake vikapanda juu sana na kutanda. Mwaka huo huo Bahari ya Pasifiki ilikuwa inaanza kupata joto, El Niño kubwa kuliko zote zilizokuwa zimeonekana karne ile mpaka wakati huo. Setilaiti zilikuwa zinatazama bahari kupitia ule ukungu wa volkano, zikasoma maji kuwa baridi kuliko yalivyo. Meli zilizokuwa zinapita zilipima maji yenyewe, zikatuma taarifa kwamba ni ya moto. Unadhani taarifa za meli zilifanywa nini? Programu za kompyuta zilikuwa zimeelekezwa zitupe kipimo chochote kilicho mbali mno na wastani wa miaka iliyopita. Zikavitupa. Oktoba ya mwaka huo wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kuna El Niño au hakuna, nayo imeshaingia ndani na kukaa kitini.

Mimi kisa hicho nakipenda kupita kiasi, bibi yako anasema nakisimulia hata msibani. Ni kwa sababu kinawagusa wote: aliyeamini mashine ya juu kuliko ndoo ya chini, na aliyeamini wastani kuliko kinachoonekana. Ukiwa mkubwa ofisini, kijana atakuletea namba ya ajabu. Kabla ya kuifuta, mwulize aliipimaje.

Na hili la kupimaje lina kisa chake, nitalipitia haraka. Zamani mabaharia walipima joto la bahari kwa kutumbukiza ndoo na kuivuta juu. Ndoo ya turubai ikipigwa na upepo maji hupoa kabla hujayasoma. Wakati wa vita vikuu vya pili mabaharia wengi wakaacha ndoo, maana kuwasha tochi juu ya sitaha usiku ni kumwita adui. Wakasoma joto la maji yanayoingia kupoza injini, na maji hayo huwa na joto zaidi kidogo. Vita vilipokwisha 1945, ndoo zikarudi. Miaka zaidi ya 60 baadaye watu waliokuwa wakichora joto la bahari za dunia waliona mporomoko wa ghafla mwaka huo, wakasumbuka nao. Bahari haikupoa. Ndoo ndizo zilizorudi. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike namba peke yake. Andika na ndoo.

Sasa hoja ya mahali pa kupimia. Mlipuko wa viwavijeshi ulipoingia shamba letu, nani aliyeviona? Shangazi yako, kwa sababu alikwenda kule bondeni mwisho wa shamba, ambako hakuna anayekwenda. Mimi nilikuwa nakagua mistari ya kando ya njia kila asubuhi na kuripoti kwamba shamba ni zima. Binadamu hupima karibu na barabara. Tunaweka mtambo pale penye umeme, penye nyumba ya wageni, penye meneja anayejibu simu. Bahari ya Hindi ya upande wetu imepimwa hivyo hivyo kwa miaka mingi: kwenye njia za meli na kwenye bandari, na huko kati kumetupwa.

Yamefanyika makubwa, sitaki ukaondoka ukidhani babu yako ni mtu wa kulaumu tu. Kuna vyelezo vinavyoitwa Argo, karibu 4,000 katika bahari zote za dunia. Chelezo chenyewe ni kama mtungi mwembamba wenye antena. Kinazama mita 1,000, kinaelea na mkondo siku tisa hivi, kinashuka mpaka mita 2,000, halafu kinapanda taratibu huku kinapima joto na chumvi, kikifika juu kinazungumza na setilaiti, kinazama tena. Kila siku kumi. Hapo ndipo setilaiti yako inapopata mwenzake, maana yenyewe inaona ngozi ya bahari tu, na kimbunga hakili ngozi. Kinakula joto lililo chini. Maji ya moto yakiwa membamba, kimbunga kinayakoroga, baridi inapanda, kinadhoofika. Yakiwa na kina, kinanenepa usiku kucha. Bila kitu kilichozama, hutajua ni bahari ya aina gani iliyo mbele yake. Na data za Argo ni bure kwa dunia nzima. Nimemwona kijana wa jirani akizifungua kwenye simu, hapa hapa, chini ya mwembe.

Lakini pima hesabu yake. Vilipangwa viachane kama kilomita 300. Yaani weka kipimamvua kimoja Songea mjini, kingine usikikute mpaka umepita Tunduru. Utabirie mvua ya Hanga kwa hivyo viwili. Unaweza, ila si kwa kiburi.

Pia kuna maboya yaliyotiwa nanga katikati ya bahari yetu, mpango wa RAMA ulioanza 2004, maboya 46 kwa ramani yao ya mwanzo. Upande wa Asia yakasonga mbele. Upande wetu wa magharibi yakachelewa sana, kisa ni maharamia wa Somalia: hakuna nahodha aliyetaka kupeleka meli ya utafiti isimame siku nzima kwenye maji yale kufunga boya. Hata meli za kawaida ambazo hutuma taarifa za hali ya hewa zikakwepa au zikanyamaza zisijulikane zilipo. Kwa hiyo majambazi wenye bunduki na boti za faiba walituibia utabiri pia, na hakuna aliyewashtaki kwa hilo. Panaponoga zaidi ni kwa wavuvi. Boya likikaa baharini, samaki hukusanyika chini yake, na samaki wakikusanyika mvuvi atakuja. Atafunga chombo chake hapo, atavuta, kamba itakatika, kipimo kitaanguka. Wataalamu wanaita uharibifu. Mimi nasema mvuvi yule amefanya uangazi mzuri kuliko wao: ameona samaki wako wapi. Aliyekosa ni yule aliyelipeleka boya bila kupita kwanza ufukweni, akaketi, akanywa chai ya rangi, akaeleza hili dude ni la nini na litamwambia nini kuhusu upepo wa wiki ijayo. Ukipata mamlaka, anza na chai.

Nikuambie na la wakubwa. Baada ya kile kisa cha 1982 Marekani na wenzao walitandaza maboya karibu 70 katika Pasifiki, wakamaliza 1994, na El Niño ya 1997 wakaiona ikikua siku hadi siku. Mambo yakawa mazuri, na mambo yakiwa mazuri watu husahau yametoka wapi. Mwaka 2012 meli iliyokuwa ikiyahudumia maboya hayo ikapumzishwa kwa kubana matumizi. Maboya yakaanza kufa moja moja. Kufika mwanzo wa 2014 ni kama asilimia 40 tu ya data iliyokuwa inarudi. Nchi tajiri kuliko zote, mjukuu wangu. Basi usishangae ukikuta hapa kwetu mtambo uliozinduliwa kwa ngoma na utepe umekaa kimya kwa kukosa betri. Utepe una picha gazetini, betri haina. Kazi yako itakuwa ni kuidai betri, kila mwaka wa fedha, mpaka wakuone kero.

Kuna ujanja mmoja wa vijana wa siku hizi ambao ningependa ningeujua nikiwa kazini. Wanachukua utabiri uliokwishapita, wanaficha kwa makusudi taarifa za kituo kimoja, wanauendesha upya kana kwamba kituo hicho hakikuwahi kuwapo. Utabiri ukiharibika sana, wamejua kituo kile kina thamani gani. Usipobadilika, basi pale tunalipa mlinzi bure na kipimo kihamishiwe gizani. Ni kama mpishi anayepika mchuzi mara nne, kila mara akiacha kiungo kimoja. Kwa nchi yenye fedha kidogo kama yetu naona hiyo ndiyo elimu ya kwanza kuisomea. Usiniletee orodha ya mitambo tunayohitaji. Hiyo kila mtu anayo. Niletee jina la mahali pamoja baharini ambapo tukipima hapo, watu wa Kilwa watapata nusu siku zaidi ya kuvuta mashua zao.

Na ukishajua, sema vizuri. Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: maneno hayo yana uzito wake, usiyachanganye kwa kutafuta kusikilizwa. Akiambiwa "wastani hadi chini ya wastani", mkulima wa Hanga anataka kujua kama apande mahindi au aongeze mihogo. Na sisi wa kusini tuambiwe ukweli kwamba joto la Bahari ya Hindi linasema wazi zaidi habari za vuli ya wenzetu kuliko msimu wetu. Mstari, tena. Pale usipoona, piga mstari.

Karatasi inakwisha. Kesho kutwa alfajiri nakwenda hospitali ya Peramiho kwa ajili ya jicho la kushoto, wamesema nitalala siku mbili. Glasi iko juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa cha bluu, usiipe mtoto. Unisomee mvua saa tatu kamili, si saa tatu na nusu baada ya chai. Inamisha macho yawe sawa na maji, usome chini ya ule mkunjo, halafu mwaga mbali ili mbuzi wasije wakakizoea kipimamvua. Wino umo kwenye droo. Na kama utapitiwa na usingizi, najua ulipotoka.